Mchimba dawa anayeng'oa mitunguja ya mferejini

Saa kumi na mbili asubuhi, kabla king'ora cha kiwanda cha ngozi hakijalia, Bi Shubiri amekwisha kupiga magoti kando ya mfereji. Amejifunga kitenge juu ya gauni. Sururu iko kulia, panga kushoto, na chini ya magoti ametandika kiroba kitupu ili kokoto zisimchubue.

Mbele yake kuna kichaka cha mtunguja kilichomfika mtu kifuani. Majani ni mapana, ya kijivu, yana vinyweleo na miiba hadi mgongoni. Maua ni ya zambarau. Matunda ni mviringo, ya njano, yanang'aa kama yamepakwa mafuta, na kila mtoto wa mtaa huu anajua hayaliwi.

Anachimba kuzunguka shina, duara kamili, mpaka mzizi mkuu unajitokeza, mweupe na mnene kuliko kifundo cha mkono wake. Anasimama. Anazungushia viganja matambara, anashika shina, anavuta. Kichaka kinang'oka na bonge zima la udongo mweusi.

"Wa mia moja na arobaini na mbili," anasema. Hamwambii mtu. Anahesabu tu.

Anayepita barabarani atadhani mama huyu anavuna, kwa kuwa ndiyo kazi inayojulikana ya mikono yake kwa miaka arobaini na mmoja. Lakini kiroba hakijazwi kitu. Mtunguja unatupwa kwenye lundo la wenzake, utakauka juani siku nne, kisha utachomwa moto. Hakuna kipande kitakachoingia kwenye sufuria ya mtu.

Juu ya ukuta wa kiwanda mlinzi anachungulia, kikombe cha chai mkononi. "Bibi, hazina bado hujaipata tu?" anamtania, kama anavyomtania kila siku.

"Nimeipata," anajibu bila kuinua kichwa. "Ila inanuka kama tajiri wako."

Jina la Bi Shubiri alipewa na wateja. Shubiri yenyewe hajawahi kuiuza. Ni uchungu wa maji ya mtunguja wake uliomfanya mzee mmoja, zamani, ateme nusu kikombe na kuuliza mama huyu amezaliwa na nani. Tangu siku hiyo jina lake la kuzaliwa limebaki kwenye kitambulisho.

Ana miaka sitini na mmoja. Kazi alifundishwa na shangazi yake, ambaye hakujua kusoma lakini alijua kila jiwe la kilima kilicho juu ya mji. Kwenye meza ya Bi Shubiri sokoni kulikuwa na magome, majani na mbegu za aina nyingi, lakini aliyekuwa na jino linalomnyima usingizi, au tumbo linalosokota, aliulizia mtunguja. Mzizi hutafunwa, au hukatwa vipande na kuchemshwa. Tunda haliguswi, maana lina sumu.

Wapo wanaocheka wakisikia mtu ana ufundi wa kuchimba mtunguja. Magugu hayo si yanaota hadi jalalani?

"Yanaota kila mahali, ni kweli," anasema Bi Shubiri. "Mbwa nao wamejaa kila mahali. Utamwingiza ndani yeyote?"

Shangazi alimwachia masharti matatu. La kwanza: mtunguja wa dawa ni wa mawe. Unaokaa penye maji hunenepa, na unene wake ni wa bure. La pili: chimba upande mmoja tu, uache mzizi mama, rudishia udongo, kanyaga kwa mguu, nenda zako. Ukirudi baada ya misimu mitatu ya mvua utaukuta umepona. La tatu: onja. Onja palepale shimoni kabla ya kukata, na onja tena kikombe mbele ya mgonjwa, akikuangalia, kabla hajatia mdomoni.

"Shangazi alikuwa hacheki kwenye hilo," anakumbuka. "Alisema mgonjwa hana njia ya kukujua. Akikuona unakunywa, ndiyo barua yako, ndiyo muhuri wako."

Kwa miaka thelathini na tisa Bi Shubiri aliyashika masharti yote matatu. Jinsi alivyokuja kuyavunja ni habari inayotaka kumbukumbu, na bahati mbaya kwa wakubwa ni kwamba katika mji huu wapo wanaokumbuka.

Miaka kumi na moja iliyopita, siku ya Jumanne, walipanda kilimani wanaume watano wenye mabuti mapya na madaftari. Waliwaomba wachimba dawa wawaonyeshe mimea. Wakaonyeshwa. Walipima, walipiga picha, waliandika. Bi Shubiri aliwashikia ncha ya futi ya kupimia kutwa nzima, kichwa wazi juani. Wakati wa kuagana mkubwa wao alisema neno moja ambalo wachimbaji walilipigia makofi: "Mtashirikishwa."

Miaka miwili baadaye kilima kilizungushiwa seng'enge. Kumbe kilichokuwa kikipimwa ni mawe. Kampuni ya kokoto iliingiza mashine, ikapasua upande wa mashariki, na upande wa magharibi, ule wa mitunguja, ikauacha kama ulivyo. Haiutumii. Imeufunga tu. Wachimba dawa ishirini na sita waliokuwa wakipanda kilima kile kwa zamu walipokwenda ofisi ya baraza la mji kuuliza, waliambiwa yale ni maendeleo, na kwamba wao wanaweza kutafuta "maeneo mbadala".

Eneo mbadala likawa mfereji.

Unatoka chini ya ukuta wa kiwanda cha ngozi kupitia kalavati, unapita nyuma ya nyumba za watu, unakwenda kupotelea bondeni. Maji yake Jumatatu ni ya kijivu, Alhamisi ni ya kahawia. Wakazi wameandika barua tatu kuhusu harufu. Zote tatu zilipigwa muhuri wa kupokelewa, na hadi leo muhuri ndio jibu pekee walilopata.

Bi Shubiri hakukimbilia mfereji. Kwa miaka kadhaa alitembea mbali, saa tatu kwenda na saa tatu kurudi, kufuata vilima vidogo vilivyobaki. Magoti yakaanza kumsaliti. Kisha tumbo. Alipokwenda zahanati aliambiwa ana vidonda, aache pilipili, aache vitu vichungu.

Hapo ndipo alipoacha kuonja. Shimoni akawa anatazama tu, ananusa tu. Na mwaka uliopita, siku moja ya mvua, magoti yakiwaka moto, alisimama kando ya mfereji akaona mitunguja iliyostawi, mirefu, mizizi minene aliyokuwa hajaiona tangu ujana wake. Akainama.

"Nilijiambia ni mara moja," anasema. "Ikawa mara moja kila wiki."

Mtu wa kwanza kuugua alikuwa wifi yake.

Wifi huyu ni dada wa marehemu mumewe, fundi cherehani, mwanamke mnene wa maneno mengi ambaye kwa miaka thelathini hajapitisha siku bila kumchokoza Bi Shubiri. Humwita mke wake. Humdai chakula. Humwambia kaka yake aliponzwa, alidhani anaoa mtu kumbe ameoa kichaka. Siku hiyo tumbo lilikuwa linamkata, akaja jikoni kwa Bi Shubiri, akakaa kwenye kigoda, akapewa kikombe. Alikizungusha mkononi.

"Mke wangu, mbona leo huonji?" aliuliza.

"Tumbo langu bovu, wifi. Macho yangu yameonja."

Walicheka wote wawili. Wifi akanywa.

Alikunywa siku mbili. Siku ya tatu alianza kutapika, na kufika jioni alikuwa hamtambui aliyemshika. Alilala hospitali siku tisa. Alipotoka, mikono ilikuwa inatetemeka kiasi kwamba fundi aliyeshona nguo za harusi za nusu ya mji hakuweza kutia uzi kwenye sindano. Mitetemeko hiyo ilikaa naye miezi mitano.

Daktari alisema inaweza kuwa ni mzizi wenyewe, inaweza kuwa ni kitu ambacho mzizi uliunywa ardhini. Hospitali haina kipimo cha kujua. Bi Shubiri hakusubiri kipimo. Usiku wa kwanza wa wifi yake kulazwa alirudi nyumbani, akachukua mzizi kutoka fungu lilelile, akakata kipande, akakiweka kwenye ulimi wake kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili.

Uchungu ulikuwepo. Lakini nyuma ya uchungu kulikuwa na kitu kingine.

"Kama umelamba kufuli," anasema, na anapangusa mdomo kwa mkono kana kwamba kingalipo. "Kwenye mtunguja hakuna ladha hiyo. Hata mtoto angejua. Ningeonja siku ile, ningemwaga sufuria nzima. Nilikaa chini sakafuni, nikakaa tu."

Asubuhi alianza kutembea. Alikuwa ameuza mafungu thelathini na moja ya mizizi ya mferejini. Alipita nyumba kwa nyumba, duka kwa duka, akiomba arudishiwe, akimwambia kila mtu sababu bila kupunguza neno. Wengine walimtukana. Mmoja alimfungia mlango. Fundi baiskeli alimrudishia fungu lake likiwa halijaguswa, akamwambia jino liliacha kuuma lenyewe kwa kuogopa. Alipata mafungu ishirini na sita.

Matano hayajulikani yaliko. Yalinunuliwa na wapita njia, watu wa siku moja, waliokuja sokoni na kuondoka. Bi Shubiri anakumbuka sura tatu kati ya hizo: mwanamume mwenye kovu shingoni, binti aliyebeba mtoto mgongoni, mzee aliyepatana bei kwa kunong'ona kama anayeiba. Mpaka leo akipita kwenye umati anatazama shingo za watu na migongo yao.

Kwa ajili ya hao watano alikwenda barazani.

Kikao hakikuitishwa kwa ajili yake. Chama cha wauza dawa za asili kilikuwa kimeomba kwa miaka mingi kitu kimoja kidogo: kijia cha kupita kwenye seng'enge, siku moja kwa wiki, kufika upande wa magharibi wa kilima. Hatimaye baraza lilikubali kusikiliza. Jioni ya kuamkia kikao mwenyekiti wa chama, mwuza magome ambaye meza yake ilikuwa ikipakana na ya Bi Shubiri, alimfuata nyumbani. Alimwita dada. Alimweleza kwa upole kwamba wifi amepona, Mungu amewasitiri, na kesho si siku ya kutaja mfereji.

"Ukifungua mdomo, dada, wote tunamwaga unga," alimwambia. "Watafunga meza zote. Kijia tutakisikia redioni."

Bi Shubiri anakiri kwamba mwenyekiti hakuwa mjinga wala mtu mbaya. Alikuwa na watoto sita na meza moja. Bi Shubiri alimsikiliza hadi mwisho, akamsindikiza hadi mlangoni, akarudi ndani akakaa kwenye kigoda kilekile cha wifi.

Kesho yake alisimama mbele ya baraza, kitambaa mkononi. Waliokuwepo wanayakumbuka maneno yake, na yafaa yaandikwe hapa yote, kwa sababu ambayo msomaji ataiona:

"Nilimpa wifi yangu mzizi wa mferejini bila kuuonja. Kosa la kutoonja ni langu, nimelibeba. Lakini kilichomo mferejini sikukitia mimi, na kilima hakikufungwa na mimi. Kuna watu watano wana mizizi yangu majumbani mwao. Naomba mtangaze wasikie, wasiinywe."

Kumbukumbu za kikao kile zimeandikwa na kupigwa muhuri. Ndani yake imo sentensi ya kwanza ya Bi Shubiri. Nyingine zote hazimo.

Barua ya kumfungia meza ilimfikia siku tatu baadaye, yenye nembo na sahihi mbili. Barua kwa kiwanda cha ngozi haijaandikwa. Tangazo kwa wale watano halijatolewa. Sampuli ya maji haijachotwa, ingawa kuanzia mlango wa ofisi hadi kalavati ni mwendo wa dakika kumi na mbili, na kuna kivuli njia nzima. Suala la kijia, wanasema, linashughulikiwa. Likishughulikiwa kwa mwendo huu, waliobaki kati ya wale wachimbaji ishirini na sita watapita pale wakiwa wamebebwa.

Tangu hapo Bi Shubiri hana meza. Mchana anakaa kwa wifi yake kushona vifungo, kukunja pindo, na kutia uzi kwenye sindano. Kazi hii ya uzi aliianza ile miezi mitano ya mitetemeko, na ingawa mikono ya wifi sasa imetulia, hakuna aliyemwambia aache.

Asubuhi ni za mfereji. Alianza baada ya kugundua kwamba wachimbaji wengine, wakiwa hawana pa kwenda, wanaendelea kuchimba palepale, tena usiku. Hakuwa na mamlaka ya kuwazuia. Akaona dawa ni kuondoa mitunguja yenyewe, mmoja mmoja, na mizizi mama, jambo ambalo shangazi alimkataza kulifanya maisha yake yote.

"Wa kwanza ulinitoa machozi," anasema. "Niliuomba radhi. Hauna kosa, mtunguja. Umenywa ulichopewa, kama wifi."

Wenzake wamemnunia. Wapo wanaosema amechanganyikiwa. Wapo wanaosema ananyang'anya watu riziki kwa kuwa yake imekatika.

Leo, jua likiwa limepanda kidogo, mwenyekiti wa chama anatokea kwenye kona ya barabara akiwa na mwavuli chini ya kwapa. Ni mara yao ya kwanza kukutana ana kwa ana tangu barazani. Anasimama mbali kidogo, penye majani makavu, viatu vyake visichafuke.

Wanajuliana hali kwa kirefu, kama watu wanaoogopa salamu zisije zikaisha.

"Dada, vijana wanalalamika," anasema mwishowe.

"Walalamike. Anayelalamika yuko hai."

"Unajua mimi sikukuunga mkono."

"Najua. Nilikutazama ukitazama viatu vyako."

Mwenyekiti anatazama viatu vyake tena. King'ora cha kiwanda kinalia, kirefu, na maji ya mferejini yanaongezeka kidogo na kubadilika rangi. Wote wawili wanayaangalia yakipita. Kisha mwenyekiti anaelekeza mwavuli upande wa juu, ukutani.

"Huku umemaliza," anasema. "Lakini nyuma ya kalavati imebaki mitunguja saba. Haionekani kutoka hapa. Jana nimeona miwili imechimbwa upande."

Anageuka kuondoka. Hatua chache mbele anasimama, anarudi, anauchukua mtunguja uliotoka kung'olewa, wa mia moja na arobaini na tatu, kwa ncha za vidole, mbali na suruali yake, na kuutupia kwenye lundo. Halafu anakwenda zake.

Saa nne Bi Shubiri anaosha mikono kwa maji ya chupa aliyokuja nayo na kupanda njia ya kokoto inayopita kando ya seng'enge ya kilima. Anatembea polepole, macho chini. Upande wa pili wa waya mitunguja ya magharibi imesimama kwenye mawe yake, mifupi, mikavu, haina wa kuichimba. Matunda yaliyoiva hudondoka, hubingirika mteremkoni, na mengine hupita chini ya waya. Seng'enge haikuwekwa kwa ajili ya vitu vidogo kiasi hicho.

Leo amepata manne. Anayafunga kwenye ncha ya kitenge.

Nyumba ya wifi iko upande wa juu wa barabara, mahali ambapo maji ya mfereji hayawezi kupanda hata yakipewa ngazi. Nyuma yake kuna kiwanja cha mawe kisichofaa kwa lolote, ambacho wifi alikuwa akikitumia kuanikia vitambaa. Sasa kamba ya kuanikia imesogezwa ukutani. Mbegu za matunda aliyookota mwezi wa kwanza wa kazi hii zimeota kati ya mawe: miche kumi na tisa, kila mmoja na majani manne ya kijivu, yenye miiba midogo inayochoma tayari.

Wazo la kiwanja halikuwa la Bi Shubiri. Asingethubutu kuliomba. Siku moja wifi aliinua macho kutoka kwenye cherehani akamwambia kwamba yeye si mtu wa kuacha ardhi ikae bure wakati ana mke mzima mwenye sururu.

Mizizi itakomaa baada ya misimu mitatu ya mvua. Mpango wa Bi Shubiri ni kwenda ofisini siku hiyo na fungu la kwanza, kudai meza yake, na kuwasomea maneno yake yote ya barazani, yale waliyoyaandika na yale waliyoyasahau. Ameyakariri. Atakuwa na miaka sitini na minne.

"Wenzangu umri huo wanakalia mikeka," anasema. "Mimi ndiyo nitakuwa naanza kuchimba."

Wifi, ambaye alidhaniwa hasikilizi, anasimamisha cherehani. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi hana utani usoni.

"Fungu la kwanza haliendi ofisini," anasema. "Utalichemsha hapa. Utaonja wewe, mimi nikikuangalia. Halafu utanipa."

Bi Shubiri anainamia mche wa mwisho kwenye mstari, anaondoa kijiwe kilichouegemea.

"Tumbo langu bovu, wifi," anasema.

"Najua."

"Nitaonja."